Waranti ya Dubai

Kamera niliyonunua dukani Mwisenge ilizima siku ya tatu, na Jumapili dada yangu alikuwa anapata kipaimara Butiama. Nikairudisha nikiwa na sare ya shule, kadi ya waranti mkononi.

Muuzaji akaangalia kadi, akacheka. "Waranti ipo, mdogo wangu, ila inafanya kazi Dubai tu. Huu mzigo uliingia kwa njia zetu."

"Sawa, kaka. Nauli unatoa wewe?"

Akanifukuza. Nikaishia mlangoni. Kila mteja aliyefika nilimwelekezea ile kamera iliyokufa. "Shikamoo, mama. Tabasamu kidogo! Picha yako utaifuata Dubai." Kisha nampa kadi ajisomee. Mama wa kwanza alisoma, akageuka na hela yake. Wa pili hivyo hivyo.

"We mtoto, unaniharibia biashara!"

"Mimi nawasomeshaga tu kadi yako, kaka."

Wa tatu alipogeuka, muuzaji akanitupia kamera nyingine. Niliijaribu hapo hapo kwa kumpiga picha yeye, amenuna. Picha za dada za Jumapili zilitoka vizuri, lakini ile ya kununa sijaifuta. Kamera hii nayo ikizima, picha hiyo nitaisafisha kubwa, nikaibandike mlangoni kwake.