Nilimwambia fundi azime taa

Wasee, usiwahi kumwambia fundi "sitaki kuona hiyo taa."

Niko kando ya barabara hapa Uthiru. Boneti iko juu, mvuke inatoka, na mimi nazunguka gari kama kuku.

Tangu tuweke injini ingine, taa moja nyekundu, ile ya joto la injini, ilikuwa inawaka kwa dashibodi kila saa. Fundi wangu wa Riruta akasema, "Ni waya ya sensa. Niachie gari wiki moja niifuate polepole."

Wiki? Na kazi niende na nini? Nikamwambia azime leo leo.

Akazima. Hata chai yangu haikuwa imepoa. (Hapo ndio ningejiuliza.)

Leo nimembeba mamangu nimpeleke Jamhuri, dashibodi safi kabisa. Mathe akafurahi mpaka akaanza kuimba.

Kisha harufu. Kisha mvuke. Mathe akashuka mbio na kibeti yake, wimbo ukabaki ndani ya gari.

Nikampigia fundi nikifoka. "Gari imechemka na hakuna taa imewaka! Mbona?"

Akanijibu bila haraka, "Boss, si ulisema hutaki kuiona?"

Kumbe alichomoa tu waya ya taa.

Mathe amekaa kwa jiwe, ananiangalia. Ameniuliza swali moja. "Na ile ya breki?"

Kawaida ukigeuza ufunguo, taa zote huwaka kwanza kabla injini ishike. Nimegeuza.

Hakuna hata moja imewaka.

Nani ako karibu atufikishe Jamhuri? Mathe amesema haingii tena, na mimi pia naogopa.