Blogu Niliyomjengea Mdogo Wangu

Nilikuwa na blogu yangu miaka minne kabla mdogo wangu hajaomba ya kwake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Awendo, na niliandika kama mwalimu: makala ndefu kuhusu matumizi ya lugha, sentensi nilizozipiga pasi mpaka zikanyooka. Wasomaji wangu walikuwa walimu wenzangu wawili, na mtu mmoja ambaye kila mara aliandika "Asante mwalimu" bila dalili yoyote kwamba alikuwa amesoma.

Mdogo wangu ni fundi wa nguo mjini Homa Bay, alikoolewa. Aliishia darasa la nane, kwa sababu mwaka ule baba angeweza kusomesha mmoja wetu tu, na huyo mmoja nikawa mimi. Likizo moja alikuja kwangu na daftari lake la vipimo. Nyuma ya vipimo vya kila mteja alikuwa ameandika habari za nguo yenyewe: ni ya nini, na mwenyewe alisema nini alipokuwa akiijaribu.

"Nyamera," aliniambia, yaani dada yangu kwa Kijaluo, "nataka hizi zikae mahali watu wanaweza kusoma. Kama yako."

Nilifurahi, na nakiri nilifurahi kwa sababu nilijua yangu ndiyo ingebaki kubwa. Kwa siku mbili nilimjengea blogu kwenye jukwaa lile lile ninalotumia mimi. Nikaweka picha ya cherehani yake juu. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwenye yangu, kwa kuliona la kujishusha: niliiunganisha na kurasa zake za mitandao ya kijamii, ili kila akichapisha, habari ijipeleke huko yenyewe. Nikabaki msimamizi pamoja naye, maana aliogopa asije akabonyeza kitu kikaharibika.

Habari yake ya tatu ilikuwa ya mjane aliyeleta shati la marehemu mumewe, akaomba likatwe liwe blauzi. "Hii kitambaa ilikuwa ya bwana yangu," mdogo wangu alimnukuu, "usitupe hata kipande." Kufikia mchana wa siku ya pili, maoni yalikuwa mengi kuliko yote niliyoyapata kwa miaka minne. Watu wasiomjua walisimulia kanga za mama zao. Mmoja alituma picha ya koti la baba yake ambalo ameshindwa kumpa mtu.

Niliyasoma hayo ofisini kwa walimu, rundo la insha likiwa mbele yangu, na roho iliniuma. Nikafungua habari yake, nikasahihisha: "Kitambaa hiki kilikuwa cha bwana wangu." Nilijiambia kwamba namsaidia. Msomaji mmoja akauliza mbona leo huyo mama anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Mdogo wangu alinipigia simu kuuliza, kwa upole, kama ni mimi. Nikamwambia lugha ina ngeli zake.

"Lakini yeye hakusema hivyo," alinijibu, akairudisha ilivyokuwa.

Wiki chache baadaye, mwalimu mwenzangu mmoja alitusomea ofisini habari ya fundi mmoja wa Homa Bay, huku akifuta machozi ya kicheko. Alipomaliza akanigeukia, akasema ningejaribu kuandika hivyo. Hakujua ni mdogo wangu. Sikumwambia.

Jioni ile niliingia upande wa usimamizi wa blogu yake, nikaondoa alama kwenye kijisanduku kimoja. Kuanzia hapo blogu na kurasa zake hazikuwa na uhusiano tena. Yeye alichapisha kama kawaida na kuiona habari yake kwenye simu, ila hakuna msomaji aliyepelekewa. Maoni yakawa mawili, kisha hakuna. Alinipigia simu akasema labda wamemchoka. Nikamwambia watu wa mtandaoni ndivyo walivyo. Niandike kama ilivyokuwa: nilipata utulivu. Wiki hiyo niliandika makala ndefu kuhusu ngeli ya ki-vi.

Baada ya mwezi hivi aliacha kuandika kabisa, nami sikuirudisha ile alama kwenye kijisanduku.

Kisha Jumapili moja akaja Awendo bila kuniarifu. Alikunywa chai, akasubiri watoto wangu watoke nje. Akanieleza kwamba mteja wake mmoja ni mtu wa kompyuta, na alipomlalamikia, mteja huyo alifungua ndani ya blogu orodha inayoonyesha kila badiliko limefanywa na nani na siku gani.

Nilianza kusema huenda nilibonyeza kwa bahati mbaya, lakini maneno hayakufika mbali.

"Ni mimi," nilisema.

Akauliza kwa nini.

"Kwa sababu wanakusoma."

"Shule nilikuachia," alisema. "Na hii ulitaka nikuachie?"

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliniomba nimwonyeshe namna ya kuunganisha, mkono ukiwa wake, si wangu. Akarudia mara tatu mpaka akashika. Halafu akauliza paswadi inabadilishwa wapi. Nikamwonyesha, nikageuza uso wakati akiandika mpya. Mwisho aliondoa jina langu kwenye usimamizi, akaniaga vizuri, akaondoka.

Wasomaji wake walirudi, na wengine wakawaleta wenzao. Siku hizi huandika kila wiki. Tunapigiana simu, tunaulizana habari za watoto na za wazazi, na blogu haitajwi. Yangu nami nimeiunganisha na mitandao, nikapata wasomaji wachache zaidi. Lakini kila asubuhi naanza na yake, na natazama idadi ya maoni kabla sijasoma neno.

Juzi aliandika kuhusu gauni la bibi harusi lililopasuka mlangoni mwa kanisa. Niliisoma mara mbili nikitafuta makosa, nikapata manne. Nikaanza kuyaandika kwenye nafasi ya maoni, nikafuta, nikaacha tu, "Nzuri sana, nyamera." Alimjibu aliyeandika kabla yangu, akamjibu na aliyeandika baada yangu.