Baba Alivyogawa Kidonge

Baba yangu hakuwahi kuwa mchimbaji hasa. Alikuwa mtu wa kamba. Huko Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu alikohamia baada ya kilimo cha pamba kumchosha, wenzake walishuka duarani, yaani shimoni, kuvunja mwamba, naye akabaki juu kwenye roda, gurudumu la kupandishia mizigo, ameshika kamba, akisikiliza kwa viganja. Kamba ikivutwa mara moja, maana yake simama. Mara mbili, pandisha mzigo. Mara tatu, mtu anatoka, acha kila kitu umpandishe. Kwa miaka yote hiyo hakupitwa na mvuto hata mmoja, na alijisifu kwa hilo mpaka tukachoka.

Alipoanza kukonda huku upande wa kushoto wa tumbo ukivimba, alisema ni gesi. Akanywa mizizi, akanywa soda, akanywa maji ya moto. Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, Didia, na sina subira na mtu anayetibu kila kitu kwa soda. Nilimpakia kwenye basi tukaenda hospitali kubwa. Alinuna njia nzima.

Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko mimi, na baba alianza kwa kumuuliza kama amemaliza shule. Amemaliza, akasema binti, na akaendelea kumbonyeza tumbo. Majibu ya vipimo yalipotoka, akatuambia ni saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Nikamwomba arudie. Baba akauliza chai inauzwa wapi.

Daktari akachukua karatasi akachora. Ndani ya uboho wa mifupa, alisema, seli moja ilikosea. Vipande vya kromosomu mbili vilikatika vikabadilishana mahali, na jeni mbili zisizohusiana zikaungana. Moja ya jeni hizo kwa kawaida husaidia kupeleka ishara ndani ya seli: sasa gawanyika, sasa pumzika. Ilipoungana na ile nyingine, ikawa haizimiki. Protini inayotokana nayo inatoa ishara ile ile ya kugawanyika saa zote, seli nyeupe zinajaa kwenye damu, na bandama inavimba.

Nikaingilia kati, nikaanza kumfafanulia baba kwa lugha ya darasa la sita. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Binti yangu," akamwambia daktari, "yaani kuna mtu huko chini kang'ang'ania kamba, anavuta mbili, mbili, mbili, na huyu wa juu anapandisha tu bila kuuliza?"

"Ndivyo ilivyo, mzee."

"Na kidonge?"

"Kidonge kinamshika mikono asivute. Lakini hakimfukuzi. Siku usipomeza, anavuta tena."

Baba akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyekutana na mtu wa kazi yake. Mimi nilikaa pale na cheti changu cha ualimu.

Nilikuwa na swali langu pia, nililoliogopa tangu asubuhi: je, na mimi ninayo jeni hiyo? Daktari akasema hapana, kosa lile halirithiwi, limempata baba tu, tena ukubwani. Baba akanigeukia. "Basi wewe kwangu umerithi mdomo tu," akasema, na huo ukawa ndio utani wake kwa wiki nzima.

Alipewa kidonge kimoja kwa siku, akimeze na chakula. Baada ya miezi michache tumbo likashuka, mashavu yakarudi, naye akarudi kwenye roda yake. Nikatangaza kwa majirani kwamba amepona, ingawa daktari alikuwa amenikataza kulitumia neno hilo.

Safari iliyofuata ya kliniki, seli nyeupe zilikuwa zimepanda tena.

"Mzee, unameza kila siku?" daktari akauliza.

"Kila siku."

"Baba yangu hasemi uongo," nikadakia, tena kwa ukali.

Na kweli hakusema uongo. "Namezea uji kila asubuhi," akaongeza kwa utulivu. "Mimi nusu, mwenzangu nusu."

Mwenzake ni mzee aliyechimba chini ya kamba ya baba miaka mingi, na yeye pia tumbo lilikuwa limevimba. Kule maduarani kuna mgao: mawe yakipanda, kila aliyetoka jasho anapata fungu lake, na anayekula peke yake hapati wa kumshikia kamba. Baba aliona tumbo la mwenzake, akaona kidonge, akachukua wembe akakikata katikati. Hakuona cha kuuliza.

Nilimfokea pale pale, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Nilifoka kwa sababu niliogopa, sioni haja ya kuficha. Daktari hakufoka, na hilo likawa baya zaidi. Alisema nusu kidonge ni kumshika yule wa chini mkono mmoja. Anaendelea kuvuta kwa mwingine, na anaweza hata kujifunza kukwepa. Akatoa miezi mitatu ya kidonge kizima. Seli zisiposhuka, dawa hii itakuwa imeshindwa, na kuhusu nyingine hakutuahidi kitu.

Wiki hiyo hiyo nikaenda Mwakitolyo kumkokota yule mwenzake hospitali. Njiani aliapa kwamba nusu yake inamsaidia sana. Alikutwa na kichocho cha miaka mingi, ugonjwa mwingine kabisa wenye dawa yake. "Wabeja, mwalimu," aliniambia, ndiyo asante ya Kisukuma, huku akikwepa macho yangu. Tangu siku hiyo akawa anakwenda kwa baba kila asubuhi, anasimama mbele yake na kuhakikisha kidonge kizima kimepita kooni. Alisema huo ndio mgao wake sasa.

Nami nilidai taarifa. Kwa hiyo baba akishameza, ananibipu: simu inaita mara moja, anakata. Simama. Inaniita nikiwa kwenye gwaride la asubuhi, na wanafunzi wangu wamejifunza kutoniomba ruhusa ya chochote kabla haijaita. Siku moja simu yake ilikosa chaji mpaka saa nne, na siku hiyo nilifundisha mzunguko wa maji kinyumenyume.

Miezi mitatu ilipotimia tukarudi kwa daktari. Baba alivaa koti la harusi, lisilomtosha tena. Daktari akasoma karatasi, akairudia kuanzia juu. Nilimkodolea macho usoni nisione kitu.

"Zimeshuka," akasema. "Zimeshuka vizuri, mzee. Endelea hivyo hivyo."

Nilitaka kushukuru kama mtu mwenye adabu zake. Badala yake nikaanza kupanga karatasi mkobani. Baba naye, mtu asiyekosa neno, alitazama mbele, mkono wake ukishuka pembeni ya benchi.

Kisha nikahisi pindo la kitenge changu linavutwa. Mara moja. Mara ya pili. Nikasubiri.

Mara ya tatu.

Nikaacha kila kitu, mkoba ukaanguka, nikamshika baba mikono yote miwili na kumpandisha kutoka kwenye benchi.