Mama Masharti na Kisanduku Kitupu

Wanafunzi walimbandika mama yangu jina la Mama Masharti, na mimi nililichukia jina hilo kwa miaka mingi. Alikuwa karani wa usajili wa masomo chuoni, dirisha la tatu, lile lenye ufa kwenye kioo na foleni ndefu kuliko yote. Aliingia pale akiwa mfagizi. Leo hakuna mhadhiri anayezijua kanuni za shahada kama yeye, na hilo nalisema bila kumung'unya maneno.

Alikuwa na mtindo wake. Mwanafunzi akija na orodha ya masomo aliyonakili kwa rafiki yake, mama hakumgombeza. Alimpa karatasi yenye visanduku, somo moja kisanduku kimoja, aijaze kuanzia muhula wa mwisho kurudi wa kwanza.

"Anza na joho, mwanangu, halafu rudi kinyumenyume," alikuwa akimwambia. "Ukianzia mwanzo utachagua somo tamu. Ukianzia mwisho utaliona la lazima."

Wengi waligundua hapo hapo kwamba wamelimbikiza masomo tele, ila lile moja linalotakiwa hawana.

Wachache walijua kwamba naye ni mwanafunzi. Kwa miaka kumi na moja alisoma jioni, somo moja moja, haba na haba. Muhula ninaousimulia ulikuwa wa mwisho, na ilibidi uwe wa mwisho, maana ukiisha anastaafu, na nafasi ya wafanyakazi kusoma hukoma siku wanapokabidhi funguo.

Siku moja kabla ya usajili kufungwa, katika kumtania tu, nilichukua karatasi yake nikajaza masomo yake kinyumenyume. Kisanduku kimoja cha muhula wa kwanza kabisa kikabaki kitupu: stadi za mawasiliano.

"Hilo nilisamehewa," alisema. "Mkuu wa idara aliniambia, wewe unaandika barua za chuo kizima, ukasome nini tena?"

"Barua ya msamaha iko wapi, mama?"

Haikuwapo. Mkuu yule alishahama zamani. Mganga hajigangi: mwanamke aliyewaambia maelfu ya watoto wa watu "nionyeshe kwa maandishi" alikuwa ameamini la mdomoni. 

Kesho yake karani mwenzake wa dirisha la nne alimvuta pembeni. "Dada, tuiandike hiyo barua leo, tuweke tarehe ya zamani. Nani atauliza?"

"Nitauliza mimi," mama akajibu.

Akaomba ruhusa ya mchana, akavua kitambulisho cha kazi, akaenda kupanga foleni ya dirisha la nne nyuma ya watoto wa mwaka wa kwanza. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi. Saa tisa na nusu bado watu kumi na wawili walikuwa mbele yake, na mimi nimesimama ukutani nikiuma kucha. Kijana mmoja akamwambia, "Mama, pita tu mbele."

"Asante, baba, lakini umri si somo, hausajiliwi."

Alifika dirishani zikiwa zimebaki dakika nne. Karani mwenzake alimpigia muhuri fomu ya somo lile huku akifuta macho. Muhula mzima mama alikaa benchi la mbele na vijana wa rika la wajukuu zake. Matokeo ya mtihani yalipotoka alikuwa wa pili; wa kwanza alikuwa binti aliyemfundisha kutumia projekta.

Siku ya mahafali, mshereheshaji alisoma jina lake kama lilivyo kwenye cheti. Ukumbi ukakaa kimya, maana hakuna aliyelijua. Mama akaanza kupanda jukwaani peke yake, joho likiburuzika kidogo. Ndipo mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akaita kwa sauti, "Mama Masharti!" na ukumbi mzima ukasimama.

Aliyeita ni mimi.