Uji wa Mke Mwenza

Bi Rukaiya alikuwa hajakaa kitako tangu alfajiri. Alikwisha kupandisha ndoo tatu za maji kwa zile ngazi za nyumba yao ya Malindi, zilizojengwa na mtu asiyekuwa na magoti, akamgeuza mgonjwa wake, Bi Time, ubavu, akamwosha, akambadilisha shuka. Sasa uji uko jikoni na mlangoni kasimama mgeni na karatasi zake. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Bi Rukaiya hakuona dalili ya kupona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, kaa hapo mkekani."

Mgeni aliitwa Shadya, mwanafunzi wa chuo kikuu. Alikuwa akitafiti mapenzi ya kumtendea mtu wema bila ya kutaka malipo: yanatoka wapi, yanafanya nini mwilini, na imani inayatia nguvu vipi. Mtaani kaambiwa, ukiyataka hayo nenda kwa Bi Rukaiya, anamuuguza mke mwenza wake mwaka wa tisa huu.

Watu wa mtaa kwa kusifu hawajambo. Kumpandishia ndoo moja ya maji ndiyo hawana nafasi.

Maana wake hao wawili wa marehemu Mbarouk walikaa miaka kumi na minane bila ya kuamkiana. Mume alipokufa, wazee wakawakalisha eda chumba kimoja, kila mmoja kauelekea ukuta wake. Mwezi wa pili Bi Time akapigwa na kiharusi, na wa kumdaka hakuwa mwengine ila Rukaiya. Eda ilipokwisha, akawasubiri ndugu wa mwenzake waje kutoka Mkokotoni kumchukua. Hawakuja. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, naye kayaoga mpaka kachoka na maji yenyewe.

Shadya akafika swali la saba. "Kutoka moja mpaka tano, unampenda kiasi gani unayemuuguza?"

"Tia sufuri."

"Sufuri haimo, bibi."

"Basi andika simpendi. Nshachoka, mwanangu. Kila nikisali namwomba Mwenyezi Mungu anipe japo hayo mapenzi, kazi yangu isije ikapotea bure. Hajanipa. Hebu niambie wewe uliyesoma: wema usiokuwa na mapenzi unakubaliwa?"

Shadya akaliandika swali hilo pembeni mwa karatasi yake.

Ndipo Bi Rukaiya akakumbuka kuwa mgonjwa kalala nyuma ya pazia tu, na kiharusi hakikumgusa masikio. Miaka tisa kayasema hayo kimoyomoyo, leo kayatoa kwa sauti. Aliona haya mpaka akashindwa kumtazama mgeni.

Akamimina uji bakulini, akapita nyuma ya pazia. Bi Time kafumba kinywa, macho yako darini. Kijiko cha kwanza kikamwagika kidevuni, na cha pili vilevile. Tangu jana magharibi hajatia kitu tumboni, na dawa zake hazimezwi kabla ya kula. Asipokula leo, ndiyo basi tena.

Bi Rukaiya akaketi sakafuni, bakuli mapajani.

"Nimesema sikupendi, mwenzangu," akamwambia. "Sikusema ntakuacha."

Bi Time akayashusha macho kutoka darini, akamtazama. Upande wa mdomo uliobaki mzima ukahangaika kuyatafuta maneno.

"Hata mie," akasema, "sikupendi."

Kisha akafungua kinywa.