Kiti Kimoja na Mkwe

Sufuria yangu ya kwanza, ile niliyopewa siku ya ndoa, mume wangu aliichemshia mnyororo wa pikipiki. Nilikuwa natoka kisimani, ndoo kichwani, nikakuta wanaume watatu wazima wamechuchumaa kuzunguka mafiga yangu. Wanayeyusha mafuta ya mbuzi, wanakoroga kwa mwiko wangu, na ndani ya mafuta umejikunja mnyororo mweusi. Nilitua ndoo, nikashika kiuno.

"Munapika chakula gani?" niliwauliza.

"Shemegi, usikasirike," akasema yule mwuza vitambaa, bila hata kuinua macho. "Iko inakunywa mafuta. Ikishiba itakimbia muzuri."

Wakati ule wa Wabelgiji, upande wetu wa Kasongo, hao watatu ndio waliokuwa na pikipiki zao wenyewe. Mume wangu alikuwa muuguzi wa hospitali, na yake ilimpeleka vijijini kuchoma watu sindano. Mwuza vitambaa alikuwa Mwislamu, muungwana wa mjini, kofia nyeupe haimtoki kichwani. Wa tatu alikuwa fundi mwashi wa misioni, mtu wa maneno machache. Watu waliziita tukutuku, kwa sauti yake, na sauti hiyo ilisikika mbali kiasi kwamba mtu aliweza kumaliza kula ndipo atoke nje kuitazama ikipita.

Kila Jumapili alasiri walikuja uani kwetu, wakatandika mkeka, wakafungua injini. Haikuwa imeharibika. Waliifungua kwa raha yao tu. Walipanga vipande kwenye mkeka kwa mfuatano, wakavifuta kimoja kimoja, wakapeana mkononi kama watu wanaopokezana mtoto mchanga. Kisha wakarudisha vyote, wakapiga kiki, wakasikiliza, wakatazamana, na mmoja akasema: "Eeh."

Sitaficha, niliichukia. Mume wangu aliinunua kwa Mzungu wa pamba aliyekuwa akirudi kwao, akailaza ndani ya nyumba, nami nikalala na harufu ya esansi, hiyo petroli yake, puani. Majirani walinipa pole kwa kuletewa mke mwenza. Nilicheka nao, lakini kicheko hicho kilikuwa na nyongo.

Jumapili moja ikagoma. Ndani yake kuna kijitundu ambamo esansi hupita tone kwa tone, chembamba kuliko tundu la sindano, nacho kilikuwa kimeziba. Walipuliza, wakanyonya, wakatema, wakajaribu waya ukawa mnene. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, hasira zimenijaa kwa sababu jua linazama na mkeka wangu bado wameukalia. Nikachomoa uzi mmoja wa rafia ukingoni mwa mkeka, nikamnyang'anya mume wangu kile kipande, nikaupitisha uzi mara mbili, tatu, nikamrudishia. Mikono yangu ni midogo na nilizoea kushona.

Akapiga kiki mara moja tu, ikawaka.

Nilisimama mdomo wazi, sombe miguuni. Chuma kilichokuwa vipande vipande mkekani sasa kilikuwa kinatetemeka kizima, kinatoa moshi, kinataka kwenda, na koo lake nililifungua mimi. Mpaka leo, na uzee huu, nikikumbuka mlio ule vinyweleo vinanisimama. Toka siku ile nilipewa nafasi yangu kwenye mkeka.

Kuendesha nako nilijifunza kwa mlango wa nyuma. Injini ikiwa baridi ilibidi isukumwe, na kwa kuwa nilikuwa mwepesi kuliko wote, waliniweka juu niishike usukani wao wakisukuma. Tulikwenda kwenye uwanja wa kuuzia pamba, ambao nje ya msimu hauna mtu. Siku moja ikawaka kweli, nikawatoka mikononi. Nilizunguka uwanja mara nne, kwani kwenda nilikuwa nimekuona kukifanywa, lakini kusimama hakuna aliyenionyesha. Mume wangu alinikimbilia huku akipiga kelele na mwuza vitambaa alikaa chini kwa kucheka. Baada ya hapo ikabidi wanifundishe vizuri, Jumapili kwa Jumapili, kwa sharti kwamba nisifungue mdomo misioni.

Basi, mama yangu. Alikaa kijijini, mbele ya Lusangi, katika nchi ya Kabambare, na alikuwa haoni. Macho yote mawili yalifunikwa na utando mweupe, ule unaoitwa mtoto wa jicho. Wajukuu zake aliwajua kwa kuwapapasa nyuso, na yule wa pili hakuwahi kumwona hata siku moja.

Mume wangu naye hakuwahi kumwona, ila hilo ni jambo jingine. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani wala hawagusani. Mume wangu akija kusalimia, alisimama nyuma ya nyumba, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, na mama akiwa ndani akajibu kwa makofi yake. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote kwa miaka saba. Upofu haukubadilisha kitu. Padri aliwahi kumwambia mama kwamba Mungu hana shida na mambo hayo. Mama aliitikia vizuri, ndiyo padri, akabusu rozari yake, akaendelea vilevile.

Siku moja mume wangu alifika nyumbani anahema, koti la hospitali bado mwilini.

"Mama watoto! Munganga wa macho amefika. Anatoa ule utando kwa kisu, watu wanaona. Lakini iko hapa siku ine tu, kisha anaenda Kindu."

Nilikaa chini. Mvua zilikuwa zimevunja daraja na malori hayapiti. Kumleta mama kwa kitipoyi, kile kiti kinachobebwa mabegani, kungemaliza siku nne hizo njiani. Pikipiki ingeweza, maana wanakijiji walikuwa wametupa magogo juu ya mto. Lakini pikipiki ya nani? Mume wangu hawezi kumpakia mama mkwe wake. Yule mwuza vitambaa hakutuacha tumalize kuwaza.

"Mama yako ni mama yangu," alisema. "Nitamubeba miye."

Tuliondoka alfajiri, pikipiki mbili, mimi nyuma ya mume wangu; fundi mwashi misioni ilikuwa imemtuma mbali kwa kazi. Tulipofika kwenye magogo, mwuza vitambaa alitangulia. Ng'ambo walikuwa wameketi wazee, wanatazama. Mtu wa Kasongo aliyelelewa vizuri hapiti mbele ya wazee kimya, hata akiwa juu ya gogo lenye utelezi. Alitoa mkono kwenye usukani, akaupeleka kifuani, akainamisha kichwa na kusema, "Salaam alekum, wazee!" Gurudumu la mbele likaingia katikati ya magogo mawili. Wazee walimwitikia vizuri sana, akiwa tayari yuko matopeni.

Pikipiki ilipona. Kilichoumia ni kifundo cha mkono, nacho kilivimba hadi jioni kikawa hakishiki kitu. Huyo ndiye aliyekuwa ambebe mama yangu.

Tulilala kijijini. Asubuhi mama alikuwa tayari, amejifunga kikwembe kipya, rozari mkononi. Nilimweleza mambo yalivyo. Mume wangu alikuwa mahali pake, nyuma ya nyumba.

"Tutafanya hivi, mama," nilisema. "Yeye ataendesha, miye nitaikala katikati yenu. Hutamugusa."

"Hapana."

"Mama, ni leo. Munganga anaondoka."

"Mutoto wangu, kiti kimoja njo kiti kimoja. Siwezi kuikala kiti kimoja na mukwe wangu. Afazali nibaki na giza yangu."

Nilikasirika sana. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mama yake, kwamba anapenda adabu kuliko wajukuu. Alikuwa amegeuza uso upande wa jua, akilisikia bila kuliona, na mikono yake ilikuwa inakaza fundo la kile kikwembe kipya. Alitaka kwenda. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alitaka kuliko sisi wote.

Mwuza vitambaa, mkono wake umefungwa shingoni kwa kitambaa, alinitazama, akaitazama pikipiki, akanitazama tena. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu kutoka nyuma ya nyumba.

"Mama watoto. Usisahau kufungua robine ya esansi."

Robine ni koki ya kuruhusu esansi ishuke, na huifungua anayeendesha. Nilikuwa sijatoka nje ya uwanja wa pamba hata siku moja.

Wao wawili walitangulia kwa pikipiki ya mwuza vitambaa, mume wangu akiendesha, wakapotea mbele ya macho ili heshima ikae mahali pake. Mimi nilimpandisha mama nyuma yangu, nikatufunga wote wawili pamoja kwa kikwembe chake cha zamani. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka. Nikafungua robine, nikapiga kiki.

"Unaendesha weye mwenyewe?" mama aliniuliza sikioni.

"Miye mwenyewe."

"Basi twende."

Kwetu, majani mabichi yakilazwa njiani maana yake ni usipite hapa. Mume wangu alikuwa ameniandikia barabara yote namna hiyo. Palipokuwa na shimo, tawi. Palipokuwa na tope la kumeza gurudumu, matawi mawili, na pembeni nyasi zimekanyagwa kunionyesha njia. Sikumwona, lakini kila nilipofika mahali pabaya nilikuta amepita kabla yangu na kuinama. Nilikuwa nimeolewa naye miaka saba, na sidhani kama kabla ya siku ile nilikuwa namjua.

Kwenye magogo, wale wazee wa jana walisimama wenyewe. Walikuwa wameambiwa tunakuja. Waliibeba pikipiki hadi ng'ambo, nami nikamvusha mama kwa miguu, hatua kwa hatua. Mzee mmoja alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaguna. Kisha akaifuta tope taa ya mbele kwa kiganja chake, polepole.

Baada ya mto barabara ilinyooka. Nilitia gia ya tatu, ambayo uwanjani haikuwa na nafasi. Miti ikaanza kurudi nyuma kwa kasi pande zote mbili, kifua kikanijaa, nikaogopa na kufurahi kwa pamoja.

"Upepo huu unatoka wapi?" mama alipiga kelele.

"Hakuna upepo, mama! Ni sisi!"

Kisha nikasikia mgongoni mwangu kitu kinatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kilomita nzima, mama yangu yule mkali, huku amenishika kiuno kwa mikono miwili, na mimi sikuweza kujizuia nikacheka naye, machozi yanakaukia masikioni.

Tuliingia Kasongo jua likiwa bado juu. Wanawake wa sokoni waliacha mizani. Mbele ya hospitali mtawa mmoja alifanya ishara ya msalaba, mimi nikamwamkia kwa kichwa tu, mikono ikibaki kwenye usukani. Nilikuwa nimejifunza.

Daktari alimpasua jicho moja siku yake ya mwisho. Mama alilazwa chali siku nyingi, macho yamefungwa bandeji, mifuko ya mchanga huku na huku asigeuze kichwa. Mume wangu, ambaye kufunga vidonda ndiyo kazi yake, hakuingia chumba kile hata mara moja. Aliuliza habari dirishani kwa wenzake, nyumbani hali chakula, na usiku alikuwa ananiuliza mimi maswali yaleyale aliyokwisha kujibiwa mchana.

Bandeji ilitolewa asubuhi. Mtawa akampachika mama miwani mizito iliyofunika nusu ya uso. Mama alinitazama mimi kwanza, muda mrefu.

"Umekonda," alisema.

Kisha akawatazama watoto wangu, akamwita yule wa pili karibu, akamtazama bila kumpapasa. Mikono aliiweka nyuma kwa makusudi. Nilitoka nje nikalia pale, nikarudi.

"Sasa nionyeshe kile kitu," alisema.

Mume wangu aliisukuma pikipiki hadi uani, akaisimamisha kivulini, akaenda kujificha nyuma ya ukuta wa duka la dawa. Mwuza vitambaa na fundi mwashi walikuwa wameiosha na kuisugua hadi ikang'aa. Nilimshika mama mkono, tukaenda. Aliizunguka mara mbili. Aligusa mpira wa nyuma, pale ulipowahi kuchanika na mume wangu akaushona kwa rafia, akagusa taa, akagusa kiti.

"Iko kadogo hivi?" alisema. "Miye nilijua ni nyumba."

Hakuna aliyecheka. Alisimama mbele yake kitambo, miwani ikimteleza puani, na nikaona midomo yake inacheza. Halafu mama yangu alipiga goti mbele ya pikipiki, palepale uani, akakunja viganja kidogo na kupiga makofi, taratibu, yale makofi ya heshima.

Kisha nyuma ya ukuta, makofi yakajibu. Yalianza, yakakatika, yakaanza upya, kama ya mtu ambaye inabidi kwanza ajifute uso.

Ukuta ule ulikuwa mfupi, na sasa mama alikuwa na jicho linaloona. Hakugeuka kutazama.