Nilisema "left", mama akanyimwa mutoto wake

Admin, ninaomba ufiche jina langu, na la mama nitakayemusema ulifiche pia. Mimi ni dada wa miaka 28, muzaliwa wa Nyabiondo. Kwa sasa niko Kitshanga na baba yangu, mwenye miguu yake haitembei tena, pamoja na wadogo zangu wawili. Mimi njo ninawalisha.

Kazi yangu ni kutafsiri. Kuko shirika linalotafuta watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia, na mugeni mwenye kuandika dosie, yaani faili za hao watoto, hajui Kifaransa wala Kiswahili, ni Kingereza tu. Nilipoomba kazi nilisema nilisoma Kingereza Kampala miaka mitatu. Ni uongo. Kampala nilifika, lakini nilikuwa nauza ndizi za kuchoma, na Kingereza nilikiokota kwa wateja.

Siku moja akaingia mama mumoja mujane, mulimaji wa maharagi wa kwetu. Nimwite Mama Furaha. Alieleza kwamba siku masasi yalilia kwetu, watu wakakimbia, alikuwa na watoto wawili, mumoja mugongoni, anaungua na homa. Mukubwa, wa miaka mine, alishindwa kutembea mu matope. Akamuacha kwa jirani mwenye pikipiki, wakapatana kukutana huku Kitshanga. Njia ikafungwa, pikipiki ikashuka Goma, wakapotezana. Sasa shirika lilikuwa limemupata mutoto, familia moja inamulea kule, na mama alikuja kumuomba.

Kisa kilikuwa kirefu, Kingereza changu hakikukifikia. Nikaanza na "she left him", yaani alimuacha. Mbele niendelee, mugeni akanikata, akauliza kama alimuacha "for good". Nikasikia "good", nikadhani anauliza kama alimuacha kwa wema. Nikajibu ndiyo. Mama mwenyewe alikuwa pembeni yangu, sikumuuliza. Mugeni akaandika, akageuza ukurasa, na mimi nikatia sahihi yangu chini.

Kisha miezi miwili jibu likafika, na mimi njo nilipewa nimusomee. Barua ilisema mama alimutupa mutoto kwa mapenzi yake, kwa hiyo mutoto atabaki na ile familia kabisa. Nilimwambia mama kwamba bado wanaangalia, akashukuru, akaenda shambani.

Nilienda kwa mwalimu mumoja mwenye anajua Kingereza vizuri, kumuuliza nilikosea wapi. Akanieleza kwamba lile neno "left" linatoka kwa "leave", na lina maana nyingi: kuondoka iko "leave", kubakisha mutoto kwa jirani iko "leave", hata ruhusa ya kazini. Lakini ukiongeza "for good", umesema aliacha kwa milele. Nilitoka kwake bila kuaga.

Siku iliyofuata nikamuambia shefu wangu yote, hata uongo wa Kampala. Hakunitukana. Aliangalia sahihi yangu, akasema: "Ukisema hii iko mbaya, watauliza na zingine zote ulizotafsiri. Wazazi wote wataanza upya, hata wenye wanangoja watoto juma hili. Na wewe utafukuzwa kazi." Alinipa mpaka siku ya tano nifikiri, kwa sababu siku hiyo njo ile familia inaitwa kutia sahihi ya kubaki na mutoto.

Nilifikiria kupita pembeni yake, niende moja kwa moja kwa mugeni. Lakini nitamwambia nini, na kwa Kingereza gani? Nikirudi nyumbani, baba ananiuliza kwa nini sili. Ninamwambia nimekula kazini.

Jana Mama Furaha alikuja na sombe, majani ya muhogo, mu kitambaa, ameitwanga mwenyewe. Nilikataa, akailazimisha mikononi mwangu. Akasema, "Mutoto wangu, mule ndani mimi sina kinywa. Wewe njo kinywa changu." Kisha akaniuliza kama wamejibu. Nikamwambia bado.

Ndugu zangu munaonisoma, nikisema, baba na wadogo zangu watakula nini, na wale wazazi wengine nitawaangalia na macho gani? Nikinyamaza, kuko mutoto Goma atakua akijua kwamba mama yake alimutupa, na ni mimi nilimutupa. Leo iko siku ya tatu, zimebaki mbili. Munitukane kama munataka, lakini munipe shauri: niende kwanza kwa nani, na nianze na neno gani?